Nani aitazame picha yako, na kwa bei gani?

Anayeanza kupiga picha huzijua bei za vifaa kuliko mwenye duka. Anajua kamera iliyotumika inauzwaje, anajua lenzi ya milimita 50 ndiyo nafuu ya kuanzia, na kadi ya kumbukumbu feki anaitambua kwa kuitazama tu. Lakini muulize ametenga kiasi gani kwa ajili ya mtu wa kuzipitia picha zake na kumwambia ukweli, atadhani unamtania. Kwa wengi wetu maoni ni kitu cha bure: unatupia picha kwenye grupu, watu wanaweka vidole gumba, yameisha. Hapo ndipo wanaoanza wanapopoteza muda mwingi na, bila kujua, fedha nyingi. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba picha zake ni kali hununua lenzi ya pili akidhani kasoro iko kwenye lenzi, kumbe iko pale aliposimama.

Njia za kupata maoni zipo nyingi, na bei zake karibu zote ni za maelewano. Kwa hiyo ninazilinganisha kwa kipimo kimoja: kwa kila shilingi unayotoa, unapata dakika ngapi za mtu anayeijua kazi akiitazama picha yako wewe, si picha kwa ujumla? Na ukitoka hapo, kuna jambo gani utakalolifanya tofauti ukiishika tena kamera?

Chukua picha hii. Ni asubuhi, soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mnada umepamba moto. Mchuuzi aliyevaa kapelo ameinua samaki mkubwa kwa mkono wa kulia, wanunuzi wamejazana nyuma yake, na pembeni kushoto kuna ndoo ya bluu iliyokatwa nusu na ukingo wa picha. Maoni ya kwanza yanasema, "Noma sana kaka, hongera!" Ya pili, "Rangi zimekaa vizuri." Ya tatu yanatoka kwa mtu wa kazi: "Jicho langu linaanzia kwenye ndoo, kwa sababu ndiyo rangi inayong'aa kuliko zote. Macho ya huyu bwana yamezama kwenye kivuli cha kapelo. Ungesogea mbele hatua mbili, ndoo ingetoka kwenye fremu. Ungepiga goti, macho yangeonekana. Na shata yako ilikuwa ya polepole, ndiyo maana mkia wa samaki umefifia." Maoni hayo ya tatu yana mambo matatu ndani yake: kilichoonekana, kwa nini kimeonekana hivyo, na la kufanya. Ukiwa unalipa, hayo ndiyo unayoyalipia. Mengine yote ni salamu.

Tuanze na yasiyokutoa hela. Ndugu, jamaa na marafiki hawatakukosoa, na si kwa sababu ya unafiki. Adabu yetu haimruhusu shangazi kukwambia kwamba picha uliyomletea kwa furaha imepinda. Lakini watu hawa wana faida moja kubwa ambayo wapiga picha wengi hawaitumii, kwamba wanatazama bila kujua chochote kuhusu kamera yako. Usiwaulize kama picha ni nzuri. Wape simu, wahesabie sekunde tatu, ichukue, kisha uliza: "Umeona nini kwanza?" Uliza watu watano mmoja mmoja, si kwa pamoja. Wanne wakitaja ndoo na mmoja tu akimtaja mchuuzi, huhitaji mwalimu wa kukwambia kilichotokea. Hii ni njia ya bure na mimi naiamini kuliko semina nyingi.

Mitandao kama Instagram ni bure pia, ukiacha bando, lakini usiichukue kama mwalimu. Laiki zinapima una wafuasi wangapi, umeposti saa ngapi na programu imeamua kukuonesha kwa nani. Picha ya bibi harusi anayejulikana mjini itapata laiki mamia hata kama fokasi imeangukia kwenye maua. Picha ya kiatu cha fundi, yenye mwanga uliotulia vizuri, itapita kimya. Halafu watu wanaitazama kwenye kioo kidogo, kidole kikiwa tayari kinasukuma kwenda inayofuata. Weka kazi zako huko kwa ajili ya kupata wateja. Kwa ajili ya kujifunza, tafuta kwingine.

Magrupu ya wapiga picha kwenye WhatsApp na Telegram yako katikati. Yapo ambayo mtu akiweka picha hupata maelezo ya kina, na yapo ambayo kuanzia asubuhi hadi usiku ni matangazo ya kuuza flashi. Kabla ya kuweka yako, soma grupu kwa wiki mbili. Tazama kama wanaokosoa wanaonesha na kazi zao wenyewe, na kama kuna aliyewahi kukosolewa akarudi na picha iliyopigwa upya. Kama hakuna, hilo ni baraza la mazungumzo tu.

Kuna jambo la kiufundi hapa linalowaponza wengi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu, yaani zaidi ya tisa ya kumi ya taarifa iliyokuwemo haipo tena. Halafu unauliza kama fokasi imekaa kwenye jicho! Hakuna anayeweza kukujibu. Itume kama hati, siyo kama picha, na itafika ilivyo. Ila sasa bando nalo linaingia kwenye hesabu: picha 30 za megabaiti 10 kila moja ni megabaiti 300, na kila mwana grupu atakayezipakua atazilipia pia. Njia ya busara ni kutuma picha tatu tu, si 30. Picha nzima iwe imepunguzwa, kisha ongeza kipande kidogo kilichokatwa pale penye shaka, kwa mfano jicho peke yake katika ukubwa wake halisi. Watu watakujibu haraka zaidi, na hutamaliza bando la mtu.

Na picha za wateja zisiingie kwenye grupu bila ruhusa yao. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga ya kwake 2022. Hata bila sheria, bibi harusi hakukulipa ili uso wake ujadiliwe na watu 200 asiowajua. Omba ruhusa, au ombea maoni picha ulizopiga kwa mazoezi.

Sasa tufike kwenye fedha. Matumizi ya kwanza ninayoyapendekeza hayamhusu mtaalamu yeyote. Ni kusafisha picha. Chagua kumi, zisafishwe kwa saizi ndogo ya inchi 4 kwa 6, uzipange mezani. Kwenye karatasi hakuna mwanga wa kioo unaozipendezesha na hakuna kidole cha kusukuma. Utaona kwamba saba kati yake umezipiga kwa urefu uleule wa macho yako ukiwa umesimama, au kwamba kila uso uko katikati kabisa, jambo ambalo kwenye simu lilijificha kwa sababu hukuwahi kuziona zote kwa pamoja. Mpe mwenzako naye afunike ukingo mmoja kwa kiganja, kisha mwingine, mwone picha inaimarika au inapungua.

Hapa kuna siri ya maabara ambayo anayeanza haambiwi. Mashine za kusafishia picha kwa kawaida hurekebisha mwanga na rangi zenyewe. Picha uliyoipiga ikiwa na giza inatoka imepata mwanga, nawe unaondoka ukidhani umepiga vizuri. Mwambie fundi kabla hajaanza: "Naomba usirekebishe chochote, zitoe zilivyo." Wengine watakushangaa, lakini watafanya. Ukitaka kujua zaidi, safisha picha moja mara mbili, iliyorekebishwa na isiyorekebishwa, uziweke sambamba. Tofauti kati ya hizo mbili ni kosa lako la mwanga, limeandikwa kwenye karatasi kwa bei ya picha moja ya ziada.

Njia nyingine ya bei ya chee ni gazeti. Nenda kwenye tukio ambalo kila mtu anaruhusiwa kulipiga picha, tuseme maandamano ya Mei Mosi au maonesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa. Piga picha zako, chagua tano usiku uleule, kisha asubuhi nunua magazeti mawili. Wapiga picha wa habari walikuwa mahali pamoja nawe, chini ya jua lilelile. Walisimama wapi? Walisubiri mkono upi uinuke? Kwa nini mhariri alichagua uso mmoja na kuacha umati? Siwezi kusema mhariri huwa sahihi kila mara, maana gazeti nalo lina haraka zake, lakini ulinganisho huo ni mkali kuliko sifa za mitandaoni, na hukumlipa mwalimu yeyote.

Baada ya hapo, mtu. Nikilazimika kuchagua njia moja tu ya kulipia, nitachagua saa moja na mpiga picha anayeishi kwa kazi hiyo mjini kwako. Si lazima awe na jina. Awe amepiga harusi, sendoff na mahafali kwa miaka, na awe tayari kukaa chini. Wengi hawana bei ya huduma hii kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba, kwa hiyo bei utaianzisha wewe. Mwambie wazi: "Kaka, naomba saa yako moja siku ya Jumanne, wakati kazi ni chache. Nitakuja na picha 12 nilizosafisha. Nataka uniambie kasoro, si sifa. Nitakulipa elfu 50." Wapo watakaopunguza, wapo watakaokataa hela kabisa na kukwambia uje tu. Ukikataliwa hela, nunua chakula cha mchana, lakini usichukue saa ya mtu bure mara tatu mfululizo.

Kwa nini huyu wa mjini kwako na si gwiji wa mbali? Kwa sababu anaijua hali unayopigia. Chukua ukumbi wa harusi wa kawaida: taa za zambarau na bluu kutoka kwa fundi wa mapambo, kitambaa cheupe kila mahali, shela nyeupe, na uso wa Mwafrika katikati ya weupe huo wote. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kuichukulia dunia kana kwamba ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na uso wa bibi harusi unaingia gizani. Mtu aliyehangaika na jambo hili miaka kumi atakwambia kwa sentensi moja upime mwanga usoni, uongeze kiasi gani, na flashi uielekeze dari gani na dari gani uiache kwa sababu ni ya rangi. Atajua pia kamati ya harusi itakusukuma wapi keki ikikatwa. Mtu wa Ulaya anaweza kuwa mpiga picha bora kuliko yeye mara nyingi, na bado asikusaidie hapo.

Bora zaidi ya saa ya kulipia ni kuwa msaidizi wake, kama una wikendi za kutoa. Gharama yake si fedha taslimu. Ni Jumamosi zako, safari ya kurudi usiku daladala zikiwa zimeisha, na jasho la kubeba stendi za taa. Unachopata ni kumwona akiamua. Lakini makubaliano yasipowekwa mapema, utageuka mbeba mabegi wa bure kwa mwaka mzima. Kubaliana mambo matatu kabla ya kazi ya kwanza: nauli na chakula vinatoka kwake, baada ya kila tukio mnakaa nusu saa kupitia picha 20 ulizopiga wewe, na ijulikane kama unaruhusiwa kuzionesha picha hizo kama kazi yako. Bosi anayekataa hilo la pili hatafuti mwanafunzi. Mwache.

Semina na kozi za muda mfupi ndizo zinazotangazwa zaidi na ndizo ninazowaomba wanaoanza wazipigie hesabu kabla ya kutuma fedha. Tuseme warsha ya siku mbili inatoza shilingi 200,000, ina washiriki 25, na ratiba imetenga saa mbili za kupitia kazi za washiriki. Dakika 120 kwa watu 25 ni chini ya dakika tano kwa kila mmoja. Ukihesabu maoni peke yake, umelipa zaidi ya shilingi 40,000 kwa dakika. Yule mpiga picha wa mjini kwako anayekubali elfu 50 kwa saa anakuuzia dakika moja kwa chini ya shilingi 850. Warsha ina mengine ya kukupa: taa ambazo huwezi kuzinunua, watu wa rika lako, na mkufunzi akikuonesha kitu kwa vitendo. Kama hayo ndiyo unayoyafuata, lipa. Kama unafuata kuambiwa kasoro zako, muulize mwandaaji swali moja kwa ujumbe mfupi: "Kila mshiriki atapitiwa picha ngapi, kwa dakika ngapi, na nani?" Jibu likizungukazunguka, hela yako ibaki mfukoni. Na cheti kisikuvute. Sijaona mteja wa harusi anayeuliza cheti.

Kuna soko jingine liko mbali zaidi, la mapitio ya kulipia kwenye matamasha makubwa ya picha. FotoFest ya Houston, Marekani, inafanya hivyo tangu 1986, na tamasha la Arles, Ufaransa, lililoanza 1970, nalo lina mapitio yake. Karibu na kwetu, Addis Foto Fest ilianzishwa 2010 na Aida Muluneh. Kwa kawaida unakaa meza moja na mhariri au msimamizi wa maonesho kwa dakika 20 hivi, kengele inalia, unahamia meza nyingine. Ni dakika nzuri sana, lakini kwa mtu mwenye kazi iliyokamilika: picha 15 au 20 zinazosimulia jambo moja, zilizochujwa mara nyingi. Wanaoketi upande wa pili wa meza wanatafuta kazi ya kuchapisha au kutundika ukutani. Hawakwenda pale kumfundisha mtu kasi ya shata. Anayeanza akilipa ada, tiketi ya ndege na viza ili aambiwe apige goti, fedha hiyo imekwenda bure. Yapo mapitio ya mtandaoni yanayolipwa kwa dola, yasiyohitaji safari. Hayo nayo yaweke akiba hadi uwe na mradi.

Mashindano nayaweka nje kabisa ya hesabu hii. World Press Photo ya Amsterdam, iliyopo tangu 1955, haitozi ada ya kushiriki, ila ni uwanja wa wanahabari wa picha wanaoifanya kama kazi. Mengine mengi yanatoza kwa kila picha. Kwa vyovyote vile, asiyeshinda kwa kawaida haelezwi kwa nini hakushinda, na hilo ndilo lililokuwa la thamani kwake. Kabla ya kutuma popote soma kifungu cha hakimiliki. Ukiona waandaaji wanajipa haki ya kuitumia kila picha iliyotumwa, kwa matangazo yoyote na bila kikomo cha muda, jua kwamba wanakusanya picha za bure kwa jina la shindano.

Programu za akili unde zinazotoa maoni ya picha ninazipitia haraka. Zitakuonesha upeo uliopinda na anga iliyoungua, na kwa ukaguzi huo zinafaa. Lakini husifu mno, na hazijui kwamba kitambaa cheusi alichovaa yule mama ni cha msiba, ndiyo maana hakutabasamu.

Kuna mahali pa kukutana na watu wa kukusaidia bila kiingilio, nako ni kwenye maonesho. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, ni kituo cha wasanii kilichoanza 2008, na Alliance Française za Dar na Nairobi huandaa maonesho ya picha mara kwa mara. Nenda siku ya ufunguzi. Mpiga picha mwenyewe huwa amesimama palepale. Usimtolee simu yenye picha 300 mbele ya wageni wake. Msifu kwa jambo moja uliloliona kweli kwenye picha yake moja, kisha omba siku ya kumtembelea. Anayeombwa hivyo ni mara chache akukatalie.

Kwa mwenye bajeti ndogo, hukumu yangu ni hii. Kila baada ya miezi miwili, safisha picha kumi hadi kumi na mbili zisizorekebishwa na ulipe saa moja ya mpiga picha wa mjini kwako. Katikati ya hapo tumia watu watano na swali lako la sekunde tatu. Mwenye wikendi na asiye na fedha awe msaidizi, kwa masharti yale matatu. Warsha iwe mara moja kwa mwaka, baada ya kuuliza lile swali la dakika. Mapitio ya matamasha yasubiri hadi uwe na mradi uliokaa nao muda mrefu. Lenzi mpya inunuliwe siku mtu huyo wa saa moja atakapokwambia, kwa mdomo wake, kwamba uliyonayo imefika mwisho. Na ukishampata mtu wa namna hiyo, mlipe kwa wakati, kapige upya kile alichokosoa, na umpelekee picha hizo mpya kabla hujamwomba saa nyingine.